UZI: Kioo kikishika ukungu, usikimbilie kitambaa. Kwanza jua ukungu uko upande gani

Kioo Wazi (mwanzilishi wa uzi)

Salamu kwenu wakuu.

Wiki iliyopita, usiku, mvua inanyesha, nilikuwa nimebeba watu wanne. Nguo zao zimelowa, madirisha yote tumefunga. Hazikupita dakika kumi kioo cha mbele kikawa cheupe. Nikafanya ambacho nimefanya miaka yote: nikapitisha kiganja. Nikapata tundu la kuonea, lakini taa za gari lililokuwa linakuja zilipopiga pale nilipofuta, michirizi yote ya mkono wangu ikawaka na sikuona kitu. Mtu alikuwa anavuka barabara. Nilimwona akiwa amebakiza hatua mbili kufika ng'ambo. Sikumgusa, namshukuru Mungu, ila nilisimama pembeni nikitetemeka na nikajiapiza kulijua hili jambo hadi mzizi wake.

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza mafundi, na nimejaribu kwenye gari langu na kwenye madirisha ya nyumbani. Naleta hapa nilichopata. Wenye ujuzi zaidi wanirekebishe.

Ukungu wa kwenye kioo ni maji, na mengi ya maji hayo yametoka kwetu sisi tulio ndani. Hewa muda wote hubeba mvuke usioonekana, na kadiri hewa ilivyo na joto ndivyo inavyoweza kubeba mwingi. Mita 1 ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi za mvuke, basi, haiongezi. Ikipoa hadi nyuzi 10 uwezo wake unashuka hadi gramu 9 na kitu. Ikifika nyuzi 0 hazifiki hata gramu 5. Mvuke uliozidi hauna pa kukaa hewani tena, unageuka matone kwenye kitu baridi kilicho karibu. Ndani ya gari kitu hicho ni kioo, kwa sababu ni chembamba na upande wake wa pili unapigwa na mvua na upepo. Ndiyo maana viti na dashibodi vinabaki vikavu huku kioo kikiwa cheupe.

Sasa tupige hesabu ya usiku ule. Mtu mzima aliyetulia hupoteza karibu mililita 800 za maji kwa siku kwa pumzi na ngozi tu, bila jasho la kuonekana. Hiyo ni kama gramu 33 kwa saa. Tulikuwa watano, kwa hiyo zaidi ya gramu 160 kwa saa. Gari dogo lina hewa ya mita 3 za ujazo hivi, na kwa nyuzi 20 hewa yote hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 52. Hata kama tungeanza na hewa kavu kabisa, ingejaa chini ya dakika 20. Hapo sijahesabu nguo zilizolowa wala kapeti lililokanyagwa na viatu vya matope. Na kioo hakingoji hewa ijae. Kinaanza mapema, kwa sababu chenyewe ni baridi kuliko hewa ya katikati ya gari.

Kwa hiyo kufuta peke yake ni kuhamisha maji. Umefuta, unahema, yanarudi. Tena kiganja kinaacha mafuta ya ngozi, na matone hushika vizuri zaidi kwenye uchafu kuliko kwenye kioo safi.

Kabla hujafanya lolote, gusa kioo kwa ncha ya kidole. Kidole kikiacha alama safi, ukungu uko ndani. Kisipoacha alama, uko nje, na dawa yake ni tofauti kabisa. Nitalieleza chini kama kuna atakayehitaji.

Ukungu ukiwa ndani, nafanya hivi. Naelekeza hewa yote kwenye kioo cha mbele, kile kitufe chenye mchoro wa kioo na vishale vinavyopanda. Nazima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kile chenye mchoro wa gari na mshale unaojikunja ndani yake. Kikiwa kimewashwa unazungushiwa pumzi zako mwenyewe, na hicho ndicho kilichoniponza usiku ule. Nilikuwa nimekibonyeza asubuhi nikikwepa vumbi, nikasahau. Kisha nawasha A/C, feni juu, na joto nalipandisha.

Ndiyo, A/C na joto kwa pamoja. Wengi tunajua kiyoyozi ni cha kupoza tu, lakini kazi yake nyingine ni kukausha hewa. Ndani ya dashibodi kuna kitu kama rejeta ndogo yenye baridi kali. Hewa ikipita hapo mvuke wake unageuka maji na kutolewa nje kwa mpira. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ukiwa umeegesha ndiyo hayo. Hewa iliyokwisha kukaushwa inapita kwenye hita, inapata joto, na inafika kwenye kioo ikiwa na kiu ya maji. Kwangu kioo cheupe kabisa kilifunguka ndani ya dakika mbili, kuanzia chini kwenye matundu kwenda juu.

---

Mama Wawili

Ubarikiwe kaka, umeeleza vizuri. Ila kwangu mambo ni kinyume. Kuna joto, mvua imetoka kukatika, naendesha na A/C baridi mpaka mwisho kwa sababu ya watoto. Kioo kinakuwa na ukungu hasa kule chini. Nafuta kwa ndani, hautoki. Naongeza A/C, unazidi. Hapo inakuwaje?

---

Kioo Wazi

Dada, wako uko nje. A/C imekipoza kioo kutokea ndani, na hewa ya nje yenye joto na unyevu mwingi inakutana na kioo baridi. Ni sawa na chupa ya maji iliyotoka kwenye friji, inatoka jasho kwa nje. Unaanzia chini kwa sababu huko ndiko matundu yanakopiga baridi.

Piga waipa mara moja, utaona unatoka papo hapo. Kisha punguza baridi, na uelekeze hewa usoni na miguuni, isipige kioo. Kioo kikipata joto kidogo, ukungu haurudi. Ukiongeza A/C unakipoza zaidi, ndiyo maana ulikuwa unazidi.

---

Dereva wa Masafa

Mada nzuri, ila mkuu si kila gari lina A/C. Langu halina, na nimeendesha miaka mingi kwenye mvua. Mimi nashusha kioo cha mlango wa mbele na cha mlango wa nyuma upande wa pili, upana wa vidole viwili, na mambo yanakwisha. Kitu nisichoelewa ni hiki: nje kunanyesha, hewa ya nje imejaa maji. Inakuwaje naingiza hewa ya mvua na kioo kinakauka?

---

Kioo Wazi

Mkuu, hapo umegusa pale palipokuwa pananisumbua hata mimi, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Tuseme nje ni nyuzi 12 na mvua inanyesha, hewa imejaa kabisa, asilimia 100. Kujaa kwake kwa nyuzi 12 ni kama gramu 10.7 tu kwa mita ya ujazo. Ukiiingiza kwenye hita ikapanda hadi nyuzi 25, uwezo wake sasa ni gramu 23. Maji hayajaongezeka, ni uwezo ulioongezeka. Hewa ileile iliyokuwa imejaa pomoni sasa iko chini ya nusu, na ikipiga kioo inanyonya. Hewa ya ndani, ambayo watu wamehema nusu saa, karibu siku zote ina maji mengi kuliko ya nje, hata kama nje kunanyesha.

Kwa hiyo hita, feni, hewa ya nje na upenyo wa vidole viwili vinatosha, maana hewa inayoingia lazima ipate pa kutokea. A/C inaharakisha tu, na inafaa zaidi pale ambapo nje ni joto na unyevu pamoja, maana hapo huwezi kutegemea tofauti ya joto.

Jambo moja nimejifunza kwa kujaribu: ukishatumia A/C muda mrefu kisha ukaizima ghafla huku feni inaendelea, kioo kinaweza kuvaa ukungu kwa mpigo. Ile rejeta ndogo bado imelowa, na feni inayarudisha maji yale hewani. Nikiwa kwenye mwendo na mvua inanyesha siizimi tena.

---

Fundi Mstaafu

Nimesoma yote, kijana ameeleza vyema. Niongeze ya karakana.

Kuna gari ambalo ukungu wake hauishi kwa kitufe chochote. Linaamka na ukungu hata likilala tupu, bila mtu aliyehema ndani. Hapo kuna maji yamejificha. Vua viatu, bonyeza kapeti kwa kiganja, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Likitoa maji, tafuta yanakoingilia.

Upande wa abiria mbele, mara nyingi ni ule mpira wa kutolea maji ya A/C, umeziba kwa uchafu na maji yanarudi ndani. Nyuma, angalia raba za milango na za buti. Gari lenye dirisha la juu lina vijibomba vya kutoa maji pembeni, na majani huviziba. Usisahau filta ya hewa ya ndani, ambayo kwenye magari mengi iko nyuma ya droo ya abiria. Ikiziba, feni inapiga kelele na hewa haitoki.

Lakini ninalotaka mlishike ni hili. Ukifuta kioo kwa ndani na kitambaa kikatoka na utelezi kama mafuta, ukungu ukarudi palepale kila ukiwasha hita, na ndani kuna harufu tamutamu, usiendelee kufuta. Rejeta ya hita, ile inayopitisha maji ya moto ya injini, inavuja. Yale si maji ya pumzi, ni maji ya rejeta pamoja na dawa yake, na dawa hiyo ni sumu. Angalia tangi la maji ya rejeta, utakuta yanapungua bila kuona tone chini ya gari. Lipeleke kwa fundi mapema, maana mwisho wake injini inachemka. Nimeona watu wakinunua dawa za kioo miezi na miezi wakati gari linawaambia waziwazi kwa harufu.

---

Kioo Wazi

Shikamoo mzee. Asante sana kwa hili, mimi sikulijua kabisa. Wakuu, someni ujumbe wa mzee kabla ya wangu.

---

Mpenda Fizikia

Naunga mkono hoja zote. Naongeza kuhusu sabuni, kwa sababu wengi wanaitumia bila kujua inafanya nini.

Maji yenyewe ni angavu. Kioo kinakuwa cheupe kwa sababu maji yamekaa kama vidonge vidogo mno, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kinapinda mwanga upande wake. Maji yaleyale yakitandazwa yakawa utando mmoja, unaona ng'ambo bila shida. Sabuni hufanya hivyo hasa: inapunguza mvutano wa uso wa maji, matone yanashindwa kujikunja, yanatandaa. Unyevu unabaki palepale, sura yake tu ndiyo inabadilika. Povu la kunyolea ndevu linafanya kazi kwa njia hiyohiyo, na mpiga mbizi anayetemea mate ndani ya miwani yake naye anafanya jambo hilohilo.

Juni 1966 mwanaanga Eugene Cernan wa Marekani alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A. Alikuwa nje zaidi ya saa 2, kazi ikawa nzito, akahema na kutoka jasho kuliko suti yake ilivyoweza kuondoa. Kioo cha kofia kikajaa ukungu kwa ndani. Fikirini: huwezi kufungua dirisha, huwezi kuingiza mkono kufuta. Jaribio la mtambo wa kumwezesha kujiendesha angani likakatishwa, akarudi ndani akiwa haoni vizuri. Baada ya hapo wanaanga wakaanza kupakiwa dawa ya kuzuia ukungu kwenye vioo vya kofia. Hewa ikihemewa mahali padogo, kioo kitaonyesha tu, awe nani na popote alipo.

---

Nyota ya Asubuhi

Na sisi wa madirisha ya nyumbani? Chumbani kwetu kila tukiamka vioo vinachuruzika, maji yanakusanyika kwenye fremu chini, na pembeni ukuta umeanza madoa meusi. Mtoto anakohoa. Nafuta kila siku.

---

Kioo Wazi

Dada, pole, na hilo la mtoto lipeleke kwa daktari usisubiri, maana madoa meusi ni kuvu na kuvu huwasumbua wenye vifua.

Kanuni ni ileile. Watu wawili watatu wamelala kwa muda wa saa nane mlango umefungwa, maji yao yote yamebaki chumbani. Fungua upenyo wa dirisha usiku, hata mdogo, au uache mlango wazi kidogo. Asubuhi fungua madirisha mawili yanayotazamana, kwa dakika kumi hivi, hewa ipite moja kwa moja. Pazia zito likigusa kioo linazuia joto la chumba lisikifikie, kioo kinakuwa baridi zaidi na maji yanaongezeka nyuma yake. Liache lipumue.

Kisha jiulize maji yanatoka wapi mchana. Nguo zilizofuliwa zikianikwa ndani, maji yote yaliyokuwa kwenye nguo yanaingia hewani, na ndoo ya nguo inaweza kubeba lita 2. Sufuria isiyo na kifuniko. Bafu linalofunguliwa mlango mvuke ukiwa bado mwingi. Na hili lilinishangaza: gesi ya mtungi yenyewe inazalisha maji inapoungua. Kilo 1 ya gesi ikiisha, imeweka zaidi ya lita 1.5 za maji hewani, hata kama hukuchemsha chochote. Kwa hiyo ukipika fungua dirisha la jikoni na ufunge mlango wa kuelekea vyumbani, si kinyume chake.

Yaliyokwisha kukusanyika kwenye fremu yakaushe asubuhi kwa kitambaa na kakikamue nje. Ukikianika chumbani umeyarudisha.

Kwa wenye vioo viwili vilivyobanwa pamoja, gusa pande zote mbili. Kidole kisipoacha alama popote, ukungu uko katikati. Mpira wa pembeni umeshindwa, na zile chembe za kunyonya unyevu ndani ya fremu zimeshiba. Hapo hakuna kufuta wala dawa, ni kubadilisha kioo. Lakini vioo hivyo vikiwa na umande kwa nje asubuhi, usiwe na wasiwasi. Maana yake joto la ndani halivuji kufika kioo cha nje.

---

Mgeni Jukwaani

Mimi asubuhi za baridi kali namwagia kioo cha gari maji ya moto, kinafunguka mara moja. Mbona hamjalitaja?

---

Fundi Mstaafu

Acha leo. Kioo upande mmoja kinatanuka ghafla na upande mwingine bado baridi, kinapasuka. Kikiwa na ufa mdogo wa jiwe ambao hujauona, ndiyo kabisa. Maji ya kawaida, waipa na subira.

---

Kioo Wazi

Wakuu, nimerudi na jaribio la sabuni nililofanya Jumapili. Kioo cha mbele kwa ndani nilikigawa nusu kwa nusu. Kwanza nilisafisha chote kwa kitambaa cha maikrofaiba chenye maji safi, kisha kikavu. Kitambaa kilitoka na rangi ya kijivu, na mimi huwa naona kioo changu ni kisafi! Sehemu ya weusi ule ni mvuke wa plastiki za dashibodi unaotoka zikipigwa na jua.

Nusu ya kulia nikapaka tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kitambaa chenye unyevu, nikasugua hadi povu likapotea, kisha nikafuta kwa kikavu hadi mkono ukasikia kioo kinakwaruza kidogo. Kushoto sikupaka. Jumatatu alfajiri, baridi, nilikaa ndani madirisha yamefungwa nikaanza kuhesabu. Kushoto kulianza kuwa cheupe kabla sijafika dakika tano. Kulia palibaki pa kuonea, ila nilipokaribisha uso niliona utando wa maji unaotetemeka, na taa ya nguzo iliyokuwa mbele ilijikunja kidogo. Kwa hiyo sabuni ni msaada, lakini ukiipaka nyingi usiku utaona taa zimevaa mikia. Siku ya nne ilikuwa imepungua nguvu.

Tahadhari mbili. Kioo chenye tinti msitumie dawa yenye amonia, inaharibu ile karatasi. Na miwani au kofia za pikipiki zilizotoka kiwandani na dawa yao, msizisugue kwa sabuni kabla ya kusoma maelekezo.

Kioo cha nyuma, zile nyaya nyembamba ndizo zinazokipasha joto. Futeni kwa kufuata mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kitambaa laini. Mkikwangua mmoja ukakatika, mstari huo wote unakufa.

---

Mama Wawili

Nimerudi kutoa mrejesho. Kaka, ulikuwa sahihi, waipa mara moja na ukungu ukaondoka. Nimepunguza baridi na haujarudi.

Lakini nilipomsoma mzee, nikashuka nikavua viatu nikabonyeza kapeti. Upande wa dereva kavu. Upande wa abiria mbele, maji yamepanda kati ya vidole vyangu. Na mimi miezi miwili nimekuwa nikimgombeza mtoto kwamba anamwaga chupa yake. Nimemwomba radhi. Kesho nalipeleka gari kwa fundi.

---

Fundi Mstaafu

Umefanya vyema mwanangu. Mwambie fundi aanze na mpira wa A/C kutokea chini ya gari, apulize hewa. Maji yakimwagika kwa wingi, tatizo ni hilo, na hana haja ya kufungua dashibodi. Kisha kapeti linyanyuliwe lote, na sponji ya chini yake itolewe juani siku mbili. Mkikausha juu tu, vioo vitaendelea kuwa na ukungu mpaka mwakani.